Kabla Benki Haijaachia Pesa: Tulivyosafisha Rekodi ya CRB Tukinunua Nyumba Bamburi

Benki iliyotusaidia kununua nyumba yetu ya Bamburi, Mombasa, ilitazama mara mbili rekodi zetu za CRB, yaani ofisi zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Mara ya kwanza ni pale tulipopeleka maombi. Mambo yakaenda vizuri na barua ya ofa ikatoka. Mara ya pili ni mwishoni kabisa, mwaka 2024, mkataba wa mauzo ukiwa umeshatiwa saini, amana ya asilimia 10 ya bei iko kwa wakili wa muuzaji, na mthamini ameshapita chumba kwa chumba na daftari lake. Safari hii walivuta ripoti ya ofisi nyingine ya CRB, si ile ya kwanza, na humo jina langu lilikuwa na mkopo ulioandikwa kwamba haujalipwa.

Afisa wa mikopo alinipigia simu asubuhi nikiwa kazini Shimanzi. Ni kijana mwenye adabu, na nilimsikia anavyotafuta maneno. "Mamangu, ofa bado ipo," akasema, "lakini pesa haziwezi kutoka na ripoti iko hivi. Na hata zikitoka, kamati huenda ikapandisha kiwango cha faida ya benki."

Nyumba ilikuwa ya shilingi 5,200,000. Asilimia 10 ni 520,000, pesa tulizozikusanya kwa miaka, yangu kutoka Sacco na ya mume wangu kutoka chama cha wafanyakazi wa hoteli. Mikataba mingi ya mauzo hapa Kenya hufuata masharti ya Chama cha Mawakili, na muda wa kukamilisha huwa siku 90 isipokuwa mmekubaliana vingine. Mnunuzi akishindwa, muuzaji anaweza kutoa notisi ya siku 21, na notisi ikiisha ana haki ya kuvunja mkataba na kudai ile amana. Basi si nyumba tu iliyokuwa hatarini.

Kuhusu kiwango, nilikaa na kikokotoo usiku ule. Mkopo wetu ni 4,680,000 kwa miaka 20. Tuseme kiwango ni asilimia 13 kwa salio linalopungua: marejesho ni kama 54,800 kwa mwezi. Kikipanda hadi 14, yanakuwa kama 58,200. Shilingi elfu tatu na mia nne kwa mwezi mtu anaweza kuiona ndogo, lakini zidisha kwa miezi 240 uone: ni zaidi ya laki nane. Laki nane kwa sababu ya mstari mmoja katika ripoti. Tangu Novemba 2019, ilipoondolewa ile sheria ya 2016 iliyowawekea benki kikomo cha riba, benki zinaweza kumpangia mteja bei kwa kadiri zinavyomwona ana hatari, na CRB ndiyo miwani wanayotutazamia.

Kwetu jambo hili lilikuwa na uzito mwingine. Mimi nimezaliwa Majengo, katika nyumba ya babu ya makuti iliyokuja kuezekwa mabati, na ile ni nyumba bila ardhi. Wenyeji wa Mombasa wanajua: kuta ni zako, kiwanja ni cha mtu mwingine, na kila mwezi unampelekea mwenye ardhi kodi yake. Hali hiyo imetapakaa kisiwani, Likoni, Changamwe na Kisauni, na mizizi yake iko katika sheria ya hatimiliki ya 1908, iliyowataka watu wa pwani wajitokeze kudai ardhi zao kwa maandishi. Waliokuwa na uwezo na habari wakaandikisha, wengine wakabaki na nyumba juu ya ardhi isiyokuwa yao. Benki haikopeshi juu ya nyumba ya namna hiyo, kwa kuwa hakuna hatimiliki ya kuwekwa rehani. Ndiyo maana babangu, fundi mzuri wa useremala aliyefanya kazi maisha yake yote, hakuwahi kukanyaga ofisi ya mikopo. Mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kushika mkataba wenye hatimiliki nyuma yake. Nisingekubali uniponyoke kwa deni nililokwisha kulilipa.

Ndiyo, nililipa. Ulikuwa mkopo wa apu ya simu, shilingi elfu chache, wa mwaka 2019. Ulichelewa, nikaumaliza, na ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya mwisho nilikuwa nao. Yule mkopeshaji hakupeleka taarifa ya kumalizika kwake. Katika ripoti ukabaki vilevile, umepita siku 90 bila malipo, na siku 90 ndizo Benki Kuu inazozihesabu kuwa mkopo umekufa ganzi.

Shemeji yangu anaishi Marekani, na aliposikia akanitumia ushauri mwingi kwa moyo safi. Kule, akasema, punguza salio la kadi za mkopo lishuke chini ya asilimia 30 ya kikomo, na ikiwezekana chini ya 10, alama yako ya kukopesheka itapanda mwezi ujao. Au mwambie mkopeshaji wako wa nyumba aombe hesabu ipigwe upya kwa haraka, maana kule wakopeshaji wanaweza kupeleka ushahidi mpya kwa ofisi za mikopo na alama ikabadilika ndani ya siku chache. Yote ni kweli kwa Marekani, ambako alama za FICO huanzia 300 hadi 850 na kadi ni sehemu kubwa ya rekodi ya mtu. Lakini mimi sina kadi ya mkopo. Watu ninaofanya nao kazi hawana. Rekodi zetu zimejengwa na mikopo ya simu kama M-Shwari na Fuliza, mkopo wa Sacco, simu ya kulipa kidogo kidogo na apu zilizokuja zikaondoka. Nawaambia ndugu zangu wanaotazama video za ushauri wa Marekani: sikilizeni, lakini jueni kwamba zinajibu maswali ya nchi nyingine.

Nilichokifanya kwanza ni kuomba ripoti kamili kutoka ofisi zote tatu zilizokuwa na leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kanuni zinampa kila mtu haki ya ripoti moja bila malipo kila mwaka kutoka kila ofisi, na watu wengi hawaitumii. Wanabonyeza simu, wanaona alama, wanashtuka au wanafurahi, basi. Alama peke yake haikufundishi kitu. Kwa Metropol, kwa mfano, alama ni kati ya 200 na 900, na ikishuka chini ya 400 kwa kawaida maana yake kuna mkopo uliokwama. Hiyo inakuambia una homa. Haikuambii unaumwa nini. Ripoti ndiyo inayotaja mkopeshaji, tarehe ya kufungua akaunti, kiasi, siku za kuchelewa na hali ilivyo leo. Tena ofisi moja inaweza kuwa na jambo ambalo nyingine haina, na ndivyo ilivyokuwa kwetu: mbili hazikuwa na doa, ya tatu inanidai.

Tulizisoma zote, zangu na za mume wangu, mezani jikoni, mstari kwa mstari, kalamu mbili mkononi: nyekundu kwa kisicho kweli, bluu kwa kilicho kweli lakini kibaya. Kutenganisha hivyo ndiko kulikotuokolea muda, kwa sababu mambo haya mawili yana njia tofauti kabisa. Kisicho kweli kinaweza kurekebishwa upesi. Kilicho kweli hakifutiki kwa haraka na yeyote.

Wa bluu ulikuwa wa mume wangu. Yeye alikuwa hoteli ya pwani ya kaskazini mwaka 2020. Mtakumbuka: tarehe 8 Aprili mwaka ule serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale, na hoteli zikabaki na wahudumu na bahari tu. Alipewa likizo isiyo na mshahara. Benki Kuu ilisimamisha kwa miezi sita kuwaorodhesha watu CRB, hadi mwisho wa Septemba, na tunashukuru. Lakini kazi haikurudi Oktoba. Mikopo yake miwili ilichelewa baada ya hapo, akaja kuimaliza yote 2021 alipoitwa tena. Ilionekana katika ripoti kama mikopo iliyolipwa, lakini ule ucheleweshaji uko pale, na sheria inaruhusu taarifa za namna hiyo kukaa miaka mitano tangu deni lilipomalizwa. Hapo hapana la kufanya isipokuwa kusema ukweli vizuri. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja kwa benki, tukaambatisha barua ya hoteli ya likizo bila mshahara na ya kumrudisha kazini, na taarifa ya mshahara kuonyesha kwamba tangu arudi hajachelewa kulipa chochote. Afisa alituambia baadaye kwamba kamati iliisoma na ilisaidia. Nyuma ya kamati kuna watu, na baadhi yao nao walikuwa Mombasa mwaka 2020.

HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, tuliihofia bure. Mume wangu alisoma kwa mkopo wa HELB, na kwa kuwa anayekwepa hutozwa adhabu ya shilingi 5,000 kila mwezi, tulidhani huko ndiko kuna bomu. Alikwisha kumaliza kupitia makato ya mshahara. Tukachukua cheti cha kumaliza, kikaingia kwenye faili.

Sasa ule mstari mwekundu. Nilianza na mkopeshaji, si na CRB, na hili nalisema kwa mkazo. Ofisi ya CRB hutunza inacholetewa. Aliyekileta ndiye mwenye uwezo wa kukibadilisha kwa haraka. Niliandika barua pepe fupi: jina langu kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu niliyokopea, tarehe, kiasi, nambari ya muamala wa M-Pesa, na maombi mawili: barua ya kuthibitisha kwamba sidaiwi, na taarifa iliyorekebishwa ipelekwe ofisi zote tatu. Ujumbe wa simu pekee hautoshi kwa sababu mtu anaweza kuuchapisha mwenyewe, kwa hivyo nilikwenda kituo cha huduma cha kampuni ya simu kupata taarifa rasmi ya M-Pesa ya mwaka ule. Ile ya kujiombea kwenye simu haikufika nyuma kiasi hicho.

Hawakujibu. Nikaandika tena, kimya. Siku zile nilikuwa nikivuka daraja la Nyali jioni kwenye matatu huku nimeshika simu, nikingoja barua pepe kama mtu anayengoja matokeo ya mtoto. Nikapeleka malalamiko kwa ile ofisi ya CRB yenyewe, kwa maandishi, nikipinga mstari ule na kuambatisha ushahidi wote. Hii ni haki ya kisheria, bila malipo: ukipinga taarifa, ofisi lazima iichunguze kwa kumuuliza aliyeipeleka, na wakati huo ripoti yako iwekewe alama kwamba jambo lina ubishi. Hiyo alama ya ubishi pekee ilitusaidia, maana nilipompelekea afisa wetu nakala ya malalamiko yenye muhuri wa kupokelewa, aliacha kuuliza kama nitalipa akaanza kuuliza marekebisho yatatoka lini.

Nilichojua pia, na nikakiandika katika barua ya tatu kwa mkopeshaji, ni kwamba kanuni zinamtaka mkopeshaji amjulishe mteja angalau siku 30 kabla ya kupeleka taarifa mbaya. Mimi sikupata notisi. Na kanuni za 2020 zimekataza kumwandika mtu vibaya kwa deni lisilofika shilingi 1,000. Salio lililobaki kwenye ripoti yangu, baada ya sehemu niliyolipa kuhesabiwa nusu nusu, lilikuwa chini ya hapo. Niliyataja mawili hayo kwa upole, bila matusi wala vitisho, nikaweka nakala kwa Benki Kuu. Jibu lilikuja upesi baada ya hiyo nakala. Barua ya kutodaiwa ikatumwa, na taarifa ikapelekwa.

Wakati tunahangaika, watu wawili tofauti walitujia kusema wana mtu wao ndani ya CRB atakayefuta kila kitu kwa shilingi elfu kumi na tano. Mmoja alikuwa amesimama karibu na Posta ya Digo Road, hatua chache kutoka Huduma Centre, anagawa vikaratasi. Naomba mtu yeyote aliyebanwa na tarehe ya benki alisikie hili: hakuna mtu wa pembeni anayeweza kufuta rekodi ya kweli, na rekodi ya uongo hufutwa bure kwa haki yako mwenyewe. Wanachokichukua ni pesa zako na nakala ya kitambulisho chako, na hiyo nakala inaweza kwenda kukukopea mahali pengine. Hasira yangu kwa hawa watu haijapoa. Wanakaa palepale penye watu walioshikwa na hofu.

Kuna cheti cha kutodaiwa cha CRB, ambacho waajiri wengi hukiomba, na kanuni za 2020 zilifanya cha kwanza kisilipiwe kwa anayekiomba kwa mara ya kwanza. Nilikipata. Lakini cheti kinasema tu kwamba leo huna deni lililokwama. Benki yetu ilikipokea ikakiweka kando, ikasema inataka kuiona ripoti yenyewe imebadilika. Wakopeshaji hupeleka taarifa kwa mafungu, aghalabu kila mwezi, kwa hiyo kati ya barua ya mkopeshaji na mabadiliko katika ripoti kuna pengo ambalo huwezi kulirukia. Mwenye wiki mbili kabla ya kukamilisha ununuzi ajue pengo hilo lipo, na aongee na pande zote mapema.

Sisi tuliongea. Wakili wetu alimwandikia wakili wa muuzaji kuomba nyongeza ya muda kabla ya zile siku 90 kufika, akieleza kwamba kuna marekebisho ya taarifa na ushahidi uko. Muuzaji alikuwa mzee wa Kisauni anayeuza ili agawie watoto wake. Mume wangu alimfuata mwenyewe baada ya swala ya Ijumaa, wakakaa barazani. Alirudi na neno moja la mzee: "Andikeni, mimi nitasaini." Nyongeza ikaandikwa na ikasainiwa. Nimeona watu wakiogopa kumwambia muuzaji wakidhani ataghairi, kisha notisi inakuja wakiwa hawana hata barua moja ya kujitetea. Ingekuwa bora zaidi kama mkataba wenyewe tangu mwanzo ungekuwa na kifungu kinachosema mkopo ukikataliwa amana inarudi. Kwa dada yangu mdogo, anayetafuta sasa huko Mtwapa, tumekidai kifungu hicho kabla hajatoa hata shilingi.

Huku tunangoja, tulilinda kile tulichonacho. Fuliza nililipa nikajiondoa kabisa, kwa sababu ile ya kuchukua mia mbili leo na kurudishiwa kesho, hata ikilipwa, inamwonyesha mkopeshaji mtu asiyefika mwisho wa mwezi. Mume wangu alikuwa amebakisha kidogo kwenye simu ya kulipa polepole. Tukaimaliza na kuomba uthibitisho wa maandishi siku ileile. Hatukuomba mkopo mahali pengine kujaribu bahati, kwani kila maombi huacha alama ya kuulizwa katika ripoti, na maombi mengi kwa muda mfupi yanamfanya mtu aonekane ana dhiki. Duka moja la samani kule Nyali lilitupa ofa ya kuchukua vitanda na makochi kwa awamu, ishara ya kwanza ya nyumba mpya. Tulilala kwenye magodoro chini, na watoto walifurahi kuliko sisi.

Jambo gumu lilikuwa binamu yangu. Alitaka nimdhamini katika Sacco, mkopo wa kununua tuktuk ya pili. Ni mtu mwaminifu, na katika familia yetu kumkatalia binamu si jambo dogo. Nilikwenda kwake na mama, tukamweleza kwamba kabla benki haijaachia pesa siwezi kuweka saini chini ya deni lolote, la mtu yeyote, na baada ya hapo nitamdhamini. Alinung'unika kidogo, akakubali. Nyumba ilipokamilika nilikwenda nikaweka saini, na mpaka leo hajakosa mwezi.

Kuna kimoja ambacho watu walitushauri na hatukukifanya. Nilikuwa na mkopo wa Sacco uliokuwa ukilipwa kwa makato bila kukosa. "Umalize," wakasema, "upunguze madeni." Tulipiga hesabu. Kumaliza mkopo ule kungekula karibu akiba yote iliyobaki, na mbele yetu kulikuwa na ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani: kwa nyumba yetu ni shilingi 208,000. Juu yake kuna wakili, uthamini, vyeti vya ardhi na vya kaunti, na ushuru mdogo wa kusajili rehani. Mkopo unaolipwa kwa wakati haukuchafui. Ni ushahidi mzuri kuliko wote kwamba unalipa. Kilichokuwa na maana ni kama mishahara yetu ingebeba yote mawili, kwa kuwa Sheria ya Ajira inataka makato yasizidi theluthi mbili za mshahara, na mwaka ule wa 2024 makato ya nyumba ya asilimia 1.5 na baadaye ya bima mpya ya afya ya asilimia 2.75 yalikuwa yakila upande huo huo. Mishahara ilibeba, ingawa kwa kubana. Mkopo wa Sacco tuliuacha uendelee.

Ami yangu mmoja alikuwa na wasiwasi wa namna nyingine, kwamba tunajiingiza katika riba. Mpango wetu ni wa musharaka inayopungua: sisi na benki tunamiliki pamoja, tunanunua sehemu yake kidogo kidogo na kulipa kodi kwa sehemu iliyobaki. Nawaambia Waislamu wenzangu wanaodhani kwamba kwa njia hiyo wanaikwepa CRB: hapana. Benki zinazofuata Sharia ziko chini ya Benki Kuu ileile na zinasoma ripoti ileile. Na kulipa deni kwa wakati ni wajibu wetu kabla ya kuwa kanuni ya mtu yeyote; ami alikubaliana nami hapo.

Ripoti iliyorekebishwa ilitoka baada ya wiki chache za kungoja. Ule mstari uligeuka kuwa akaunti iliyofungwa na kulipwa, na alama yangu, ambayo ilikuwa chini ya 400, ikapanda juu ya 500. Ya mume wangu ilisogea kidogo sana, kama tulivyotarajia. Benki ikavuta ripoti upya, ikaridhika, na kiwango kikabaki kilichoandikwa katika barua ya ofa. Rehani ikasajiliwa, pesa zikaenda, na mzee wa Kisauni akatupigia mwenyewe kutuambia zimefika.

Tangu hapo sisubiri kuambiwa na benki. Kwa kuwa kila ofisi inadaiwa ripoti moja ya bure kwa mwaka, nimezigawa: moja naiomba Januari, nyingine Mei, ya tatu Septemba, ili isipite miezi minne bila kuona kilichoandikwa juu ya jina langu. Mume wangu anafanya hivyo hivyo kwa miezi tofauti. Ya Mei ilionyesha mkopo wa Sacco umeandikwa mara mbili; niliwapelekea barua wiki ileile, wakarekebisha.